Tunalipia Nini? Somo Kuhusu Mtaala wa Shule Ndogo za Binafsi



Somo letu la leo ni la wazazi wenye watoto katika shule ndogo za binafsi, zile shule za mabati au za kwenye ploti ambazo sote tunazijua mitaani, zenye watoto mia moja hivi na walimu saba au wanane. Ni la walimu wa shule hizo pia, na la sisi ambao tumewahi kuwekwa katika kamati za shule bila kuelezwa kazi yetu ni gani. Tutaangalia mtaala wa shule ya msingi: ni nini, umetoka wapi, unataka mtoto ajue nini, na mzazi atajuaje kama kile anacholipia kinapatikana. Tunamfikiria hata yule mzazi ambaye hakupata nafasi ya kusoma.

Someni polepole, na kama inawezekana someni katika kikundi. Mwishoni kuna maswali ya kujadili.

1. SIKU YA KUFUNGA SHULE

Nianze na kisa ambacho mimi mwenyewe nimo ndani yake, wala sijivunii.

Miaka michache iliyopita nilialikwa siku ya kufunga shule katika shule moja ndogo ya mtaa ninakofanya kazi. Msichana wa gredi ya 3, miaka tisa, alisimama mbele akatoa hotuba kwa Kiingereza, dakika nne nzima, bila karatasi. Mikono inaenda, sauti inapanda na kushuka kama ya mheshimiwa. Akina mama walipiga vigelegele. Nami nilipiga makofi, na nilipopewa nafasi ya kusema neno niliwaambia wazazi, "Mmeona matunda ya jasho lenu." Mama wa mtoto yule anauza sukuma wiki na nyanya karibu na steji ya matatu. Alikuwa anafuta machozi ya furaha kwa kona ya leso.

Wiki mbili baadaye, wakati wa likizo, mama huyo alikuja ofisini na mtoto wake. Alikuwa na karatasi kutoka chama chao cha akina mama. "Dada, hebu nisomee hapa wameandika nini." Nilikuwa naongea na simu, nikamwashiria mtoto: msomee mama. Karatasi ilikuwa ya Kiswahili, mistari mitatu tu: mkutano ni Jumamosi saa nane, kila mmoja aje na shilingi mia mbili. Mtoto aliitazama. Akaanza, "M... mku..." halafu akanyamaza.

Nilifikiri labda Kiswahili ndicho kigumu. Nikampa kitabu kidogo cha hadithi cha Kiingereza, cha gredi ya 1. Akakifungua, akaangalia picha, akaanza kusema sentensi nzuri nzuri ambazo hazikuwamo kitabuni. Kumbe alikuwa anatunga kutokana na picha. Nilipofunika picha kwa mkono, sauti ilikatika.

Mama aliniangalia akauliza, "Si anasoma?"

Sikuwa na jibu la kumpa papo hapo. Baadaye tuliketi tukapiga hesabu. Karo ilikuwa shilingi 1,500 kwa mwezi, miezi tisa ya masomo, yaani 13,500 kwa mwaka. Kutoka PP1 hadi gredi ya 3 ni miaka mitano: shilingi 67,500, bila kuhesabu vitabu, sare na pesa za chakula. Zote zimetoka kwa nyanya na sukuma wiki.

Mtoto huyo si mjinga hata kidogo. Anayeweza kukariri hotuba ya dakika nne katika lugha ambayo haongei nyumbani ana akili kuliko wengi wetu. Shida ni kwamba hakuna aliyemfundisha kusoma, na kwa miaka mitano hakuna mtu mzima aliyegundua. Mimi ni mmoja wa hao watu wazima. Nilipigia makofi kitu ambacho sikukipima.

2. MTAALA NI NINI?

Wengi wetu tukisikia neno mtaala tunafikiria orodha ya vitabu vya kununua mwezi wa Januari. Wengine wanafikiria ile ratiba iliyobandikwa ukutani. Vyote ni sehemu tu.

Mtaala ni mpango mzima wa yale mtoto anatakiwa kujifunza: atajua nini, ataweza kufanya nini, kwa mpangilio gani, kwa muda gani, na mwalimu atajuaje kwamba mtoto amefika. Vitabu ni vyombo vya kazi. Ratiba ni mgawanyo wa saa. Mtu anaweza kuwa na sufuria kumi na jiko la gesi na bado watoto wakalala njaa, kwa sababu hakuna aliyepanga chakula chenyewe.

Katika Kenya mtaala unatengenezwa na taasisi ya serikali inayoitwa KICD. Shule ya umma na shule ya binafsi inayofuata mfumo wa Kenya zinatumia mtaala huo mmoja. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inataka kila shule isajiliwe, ya umma na ya binafsi, na inataka mwenye shule ya binafsi aajiri walimu waliosajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, yaani TSC. Vitabu navyo vinaidhinishwa na KICD. Kwa hiyo shule ikiitwa "ya binafsi" haina maana kwamba mwenye shule anaweza kufundisha chochote apendavyo. Kilicho binafsi ni mali na uendeshaji wa shule.

3. TUMETOKA WAPI?

Ni vizuri kujua historia kidogo, maana mambo mengi tunayobishana leo yalianza zamani.

1964: Tume ya Ominde, mara tu baada ya uhuru, ilipendekeza Kiingereza kitumike kufundishia tangu darasa la kwanza.

1976: Kamati ya Gachathi iliona tofauti. Ilipendekeza watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha inayozungumzwa mahali shule ilipo, na Kiingereza kiwe somo mpaka kitakapochukua nafasi ya kufundishia.

1985: Mfumo wa 8-4-4 ulianza, baada ya ripoti ya Tume ya Mackay ya 1981. Sisi tuliosoma wakati huo tunakumbuka useremala, ushonaji, sayansi kimu na yale masomo mengi ya kufanyia mtihani mmoja mwishoni mwa darasa la nane.

2003: Elimu ya bure katika shule za msingi za umma. Wanafunzi waliongezeka kutoka karibu milioni 5.9 mwaka 2002 hadi karibu milioni 7.2 mwaka 2003. Ilikuwa baraka kubwa, lakini madarasa yakajaa, na mitaani kama Mukuru, Kibera na Mathare shule za umma hazikutosha. Shule ndogo za binafsi, ambazo zilikuwako hata kabla ya hapo, zikazidi kuota. Tusiwadharau waliozianzisha. Wengi ni walimu, akina mama wa kanisa na vijana waliomaliza sekondari, waliona watoto barabarani wakafungua chumba.

2019: Mtaala wa umilisi, ule tulioujua kama CBC, ulianza nchi nzima kutoka PP1 hadi gredi ya 3. Watoto wa kundi la kwanza walifanya tathmini ya kitaifa ya gredi ya 6 mwaka 2022, wakaingia gredi ya 7 Januari 2023. Mwaka huo huo wa 2023 ndio uliofanywa mtihani wa mwisho wa KCPE.

Kwa hiyo mzazi aliyesoma 8-4-4 akitafuta kwenye ripoti ya mtoto "namba ngapi darasani?" hataiona. Ataona kiwango: amezidi matarajio, amefikia matarajio, anakaribia matarajio, au yuko chini ya matarajio. Ni lazima ajue kuuliza: matarajio gani?

4. MTAALA UNATAKA NINI KWA MTOTO WA GREDI 1 HADI 3?

Mtaala unataja umilisi saba ambao mtoto aukuze katika masomo yote: mawasiliano na ushirikiano, kufikiria kwa kina na kutatua matatizo, ubunifu, uraia, kujiamini, kutumia vifaa vya kidijitali, na kujifunza jinsi ya kujifunza. Maneno ni makubwa, lakini maana yake ni ya kawaida: mtoto asiwe debe la kujazwa maneno, aweze kutumia anachojua.

Mwanzoni wazazi na walimu walilalamika kwamba masomo ni mengi mno. Malalamiko yalisikika, na mwaka 2024 masomo yalipunguzwa. Kwa gredi ya 1 hadi 3 yamebaki saba. Hivi ndivyo vipindi vinavyogawanywa kwa wiki, kila kipindi dakika 30:

Kiingereza: vipindi 5
Hisabati: vipindi 5
Kiswahili, au Lugha ya Ishara kwa wanaoihitaji: vipindi 4
Mazingira: vipindi 4
Elimu ya dini: vipindi 3
Lugha ya kienyeji: vipindi 2
Sanaa, muziki na michezo: vipindi 7
Malezi ya kiroho: kipindi 1

Jumla ni vipindi 31. Zidisha kwa dakika 30, unapata dakika 930, yaani saa 15 na nusu kwa wiki. Gawanya kwa siku tano: ni saa tatu na dakika sita kwa siku. Nataka kila mzazi aishike hesabu hiyo. Mtoto wa miaka saba hatakiwi kuwa darasani kutoka giza hadi giza.

Angalieni pia kwamba somo lenye vipindi vingi zaidi ni sanaa, muziki na michezo. Si kupoteza wakati. Mtoto anayefinyanga udongo na kukata kwa makasi anazoeza vidole vitakavyoshika penseli. Anayeruka kamba huku akihesabu anafanya hisabati.

5. TULICHOKIKUTA UKUTANI

Baada ya mambo ya yule msichana, niliomba kuona ratiba ya shule yake. Mwenye shule hakuificha. Alinionyesha akiwa na fahari, maana aliamini ni ratiba nzuri.

Gredi ya 3 walikuwa na vipindi 45 kwa wiki. Walianza saa moja kasorobo asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni. Kiingereza kilikuwa kimekatwakatwa kuwa masomo matano: sarufi, tahajia, insha, mwandiko na mazungumzo, kila kimoja na kitabu chake. Kulikuwa na Kifaransa mara mbili kwa wiki. Kulikuwa na kompyuta, na watoto walikuwa wananakili ubaoni sehemu za kompyuta, lakini kompyuta yenyewe ilikuwa moja, ofisini, na skrini haiwaki. Michezo ilikuwa Ijumaa jioni tu. Kiswahili vipindi viwili. Lugha ya kienyeji haikuwako.

Nilitafuta ni saa ngapi mtoto anashika kitabu mwenyewe akasoma, sikuona. Katika masomo yote hayo mwalimu aliandika ubaoni, watoto wakaimba alichokiandika, halafu wakanakili. Mtoto ana madaftari kumi na manne yaliyojaa mwandiko safi, na hajui yaliyomo.

Nilimwuliza mwenye shule, "Mwalimu, kwa nini umejaza namna hii?"

Jibu lake sijalisahau. "Dada, wazazi wakija hapa Januari wananiuliza mambo matatu. Mnaongea Kiingereza? Mna kompyuta? Watoto wanatoka saa ngapi? Wakisikia wanatoka saa nane wanaenda kwa jirani. Miaka kumi na miwili nimekuwa na shule hii, hakuna mzazi hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama mtoto wake anajua kusoma."

Ndugu zangu, hapo ndipo penye kiini cha somo letu. Shule ndogo ya binafsi inaishi kwa karo ya mwezi. Itafundisha kile ambacho wazazi wanakiuliza. Tukiuliza Kiingereza cha kuimba, tutauziwa Kiingereza cha kuimba. Tukiuliza masaa mengi, tutauziwa masaa. Mtaala wa serikali umeandikwa vizuri, lakini ule mtaala unaofuatwa kwa kweli unaandikwa mlangoni mwa ofisi, siku ya kuandikisha watoto.

6. SUALA LA LUGHA

Hapa wazazi wengi hukasirika, kwa hiyo tuende taratibu.

Mtaala unasema kutoka chekechea hadi gredi ya 3 watoto wafundishwe kwa lugha ya mahali pale, na Kiingereza kifundishwe kama somo. Kijijini lugha hiyo inaweza kuwa Kikamba, Kiluhya au Kigiriama. Katika mitaa ya mjini yenye watu mchanganyiko, mara nyingi ni Kiswahili. Shule nyingi za binafsi hazifanyi hivyo. Zinaanza Kiingereza kitupu tangu PP1, na mtoto akisema neno la nyumbani anaadhibiwa. Na sheria ile ile ya 2013 imekataza adhabu ya viboko na kumdhalilisha mtoto.

Kwa nini lugha ya nyumbani isaidie? Kusoma ni kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kugeuza alama kuwa sauti. Ya pili ni kutambua kwamba sauti hiyo ni neno unalolijua. Mtoto akisoma "ma-ji" anaposikia mdomo wake ukisema maji, anashtuka na kutabasamu: kumbe ni maji! Amejua kwamba karatasi inaongea. Akisoma neno la Kiingereza ambalo hajawahi kulisikia, hata akilitamka sawasawa hakuna kinachomjia akilini. Anajifunza kwamba kusoma ni kutoa sauti tu.

Tena Kiswahili kinaandikwa jinsi kinavyotamkwa. Mtoto akishika ba, be, bi, bo, bu na wenzake, anaweza kusoma neno lolote jipya. Kiingereza hakiko hivyo. Herufi zile zile zinatamkwa namna hii hapa na namna ile pale. Mtoto aliyekwisha kujua siri ya kusoma katika lugha anayoielewa huibeba siri hiyo kwenda nayo kwa Kiingereza. Hajifunzi kusoma mara mbili. Anachojifunza upya ni maneno na tahajia.

Sisemi Kiingereza si muhimu. Mimi mwenyewe kimenipa kazi. Nasema kwamba njia ya kukifikia vizuri inapitia nyumbani kwanza.

7. PIMA MWENYEWE

Shirika la Uwezo limekuwa likiwapima watoto majumbani hapa Kenya tangu mwaka 2009, na mara kwa mara limeonyesha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu na hata zaidi hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa Tusome katika shule za umma, na baadhi ya shule ndogo za binafsi za mijini zikaingizwa, ili kusaidia kusoma katika madarasa ya chini. Kwa hiyo shida hii si ya shule moja, wala si ya binafsi peke yake.

Kupima si lazima uwe mwalimu. Kama hujui kusoma, mwombe kijana wa jirani aliye sekondari akae nawe. Fanya hivi:

Kwanza, tafuta kitabu ambacho mtoto hajawahi kukiona, cha gredi moja chini ya yake. Kitabu chake cha shule anaweza kuwa amekikariri.

Pili, funika picha.

Tatu, usianze juu ya ukurasa. Weka kidole katikati, kwenye neno lolote, umwambie aanzie hapo. Aliyekariri atapotea. Anayesoma ataendelea.

Nne, akimaliza mistari michache, mwambie akueleze kwa lugha ya nyumbani ilikuwa inasema nini. Asipoweza, ametoa sauti tu, hajasoma.

Tano, kwa hesabu, tumia pesa. "Nyanya nne kwa shilingi 40. Nimenunua saba, nimetoa mia. Nirudishiwe ngapi?" Mtoto wa gredi ya 3 aweze kukueleza njia aliyopita, hata kama kwa vidole.

Tafadhali, mzazi, ukigundua mtoto hajui, usimchape wala kumwaibisha mbele ya wengine. Amefanya kila alichoambiwa.

8. MASWALI YA KUULIZA SHULENI

Ukienda kuandikisha mtoto, au siku ya mkutano wa wazazi, uliza kwa heshima:

a) Shule imesajiliwa? Naomba kuona cheti.
b) Walimu wangapi wamesajiliwa na TSC? Wale ambao bado, nani anawaongoza?
c) Gredi yake ina vipindi vingapi kwa wiki, na inatoka saa ngapi?
d) Ni saa ngapi kwa siku mtoto anashika kitabu na kusoma mwenyewe?
e) Mkikuta mtoto wa gredi ya 3 hajui kusoma, mnafanya nini?
f) Vitabu mnavyotaka tununue vimeidhinishwa na KICD? Kwa nini vinahitajika vyote?

Swali la (e) ndilo kubwa. Shule nzuri itakujibu mara moja, maana imewahi kukutana na mtoto kama huyo. Shule inayosema "hapa hatuna watoto wa namna hiyo" haijawapima.

Na kuhusu gharama: wazazi wengi wamechoka kutumwa saiba kila jioni kuchapisha picha za rangi. Mtaala unaruhusu vifaa vinavyopatikana mahali petu: vizibo vya soda, vijiti, udongo, magunzi, maboksi. Kamati ya wazazi inaweza kukubaliana na walimu juu ya jambo hilo, na pesa hizo zikanunua vitabu vya hadithi vya kuzungushwa darasani.

9. KILICHOFANYIKA

Tulikaa mara tatu na mwenye shule, walimu wake na wazazi kama ishirini. Hakukuwa na mfadhili wala mradi. Ratiba ilikatwa ikafanana na ile ya KICD. Kifaransa na ile kompyuta ya ubaoni viliondolewa. Kila asubuhi, kabla ya masomo, iliwekwa nusu saa ya kusoma. Watoto walipangwa kwa kiwango cha kusoma, si kwa gredi, kwa hiyo wa gredi ya 4 angeweza kukaa na wa gredi ya 2 kwa nusu saa hiyo. Wazazi walichanga, vikapatikana vitabu vidogo 60 vya hadithi, vya Kiswahili na Kiingereza, vingine vya mkono wa pili.

Si kila mtu alifurahi. Januari iliyofuata watoto kumi na mmoja walihamishwa. Wazazi wao walisema shule imeshuka, imeacha Kiingereza, watoto wanatoka mapema mno. Mzazi anayefanya kazi hadi saa kumi na mbili ana haki ya kuuliza mtoto akae na nani, na kwa hilo hatukuwa na jibu zuri. Mwenye shule alipoteza karo ya watoto kumi na mmoja, na mwalimu mmoja ilibidi aende. Nilimwona siku hiyo akibeba vitu vyake kwenye mfuko wa nailoni, sikuweza kumwambia neno. Mabadiliko mazuri nayo yana mtu anayeyalipia.

Yule msichana aliwekwa kikundi cha silabi, pamoja na watoto wadogo kwake. Mwanzoni aliona haya, akawa anajifanya mwalimu msaidizi. Kufikia Pasaka alikuwa anasoma maneno. Mwezi wa Agosti mama yake alinipitia ofisini, akatoa simu mfukoni. Zamani ujumbe wa M-Pesa alikuwa akiupeleka kwa kijana wa duka la jirani amsomee, na kijana anajua kila shilingi aliyonayo. "Sasa ananisomea yeye," akasema. "Tena ananiambia, mama, huyu mteja hajatuma yote, amekosa hamsini."

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mara ya mwisho kumwandikisha mtoto shule, uliuliza maswali gani? Yaandikeni yote ubaoni au kwenye karatasi kubwa. Mangapi yalihusu kusoma na hesabu?
2. Katika mtaa wetu, watoto wanaongea lugha gani wakicheza? Shule zetu zinafundisha kwa lugha gani katika madarasa ya chini?
3. Mtoto akitoka shule saa nane na mzazi yuko kazini, sisi kama majirani tunaweza kupanga nini?
4. Tumewahi kupigia makofi nini bila kukipima?

KAZI YA NYUMBANI: Kabla ya kukutana tena, kila mmoja ampime mtoto mmoja kwa ile njia ya sehemu ya 7. Mje na matokeo, bila majina ya watoto. Kisha chagueni watu watatu, mmoja wao awe mzazi asiyejua kusoma, waende kuzungumza na mwalimu mkuu. Waende na swali moja tu: watoto wa gredi ya 3 wanaosoma ni wangapi, na wasiosoma tunawasaidiaje pamoja?